Vidakuzi Visivyofutika

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, ila hawakusema lolote kuhusu mke anayemficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe. Msusi mmoja wa nywele ndiye aliyejitwika kazi hiyo kwa mumewe, na uongo hakuuzoea. Daktari alimvuta pembeni kwenye korido, akamwambia ini la mumewe limeliwa na saratani na kwamba sasa ni suala la miezi. Aliporudi kwenye benchi alipomwacha mume, aliusikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Ni vidonda vya tumbo, baba watoto. Ukifuata masharti utapona." Mume akatikisa kichwa kukubali, akauliza kama pilipili itabidi aiache.

Watoto walielezwa kwa simu, nao wakamuunga mkono mama yao. Mzee asijue. Akijua atakata tamaa, na mgonjwa akishakata tamaa hachelewi kwenda. Mpango ungekwenda vizuri kama si kompyuta.

Ilikaa sebuleni, kwenye meza iliyobanwa kati ya kabati la vyombo na dirisha. Mume alikuwa mchora ramani za nyumba, na hata alipobaki mifupa alijikongoja hadi pale kila asubuhi, achore kidogo, asome habari za mpira, kisha arudi kitandani. Alasiri dawa zilipomlaza, msusi alikaa kwenye kiti kile kile na kuandika kila alichoweza kuandika: saratani ya ini inatibika, mizizi ya kusafisha ini, hospitali za nje, mtu aliyepona saratani ya ini. Akimaliza alifunga kila kitu, au alidhani amefunga.

Asubuhi moja alipita na ndoo ya maji ya kupigia deki. Mume alikuwa anasoma matokeo ya mechi, na ubavuni mwa matokeo kulikuwa na tangazo lenye herufi kubwa kama za mlango wa duka: SARATANI YA INI? BADO KUNA TUMAINI. Mume alishusha ukurasa akaendelea na mpira wake. Nusu ya maji iliishia miguuni mwa msusi.

Alasiri hiyo alimwita mdogo wake wa kiume, fundi wa kompyuta.

"Umetafuta nini humu, dada?"

"Nimetafuta dawa. Ulitaka nitafute viatu?"

Fundi alicheka kidogo, akaacha. Alimweleza kwamba kila tovuti mtu anayoingia humwachia kidakuzi. "Ni kama muuza duka akubandike karatasi mgongoni, imeandikwa huyu anatafuta kitu fulani. Ukiingia duka la pili, wanaisoma kabla hujafungua mdomo."

"Basi nibandulie. Na mimi sitafuti tena."

Fundi alibandua. Alifuta vidakuzi, akafuta historia, akazima na kuwasha. Baada ya siku chache matangazo yakarudi, na msusi akayaona kwa mbali tu, neno "mgonjwa" likimkodolea macho, akageuka haraka kama mtu aliyechungulia bafuni kwa bahati mbaya. Fundi akaja tena. Akasema labda ni akaunti, maana imeunganishwa na simu ya dada yake, kikifutwa huku kinarudi kupitia kule. Akaitenganisha. Yakarudi. Akaja akaondoa programu ndogo zilizojipachika zenyewe, akatafuta virusi, hakukuta hata kimoja. Yakarudi.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema siku hiyo, akiipiga kofi kompyuta, kisha akakumbuka yuko nyumba gani. Dada yake alitazama mlango wa chumbani. Ulikuwa umefungwa. Siku nyingine angemtoa nishai mpaka majirani wasikie, lakini alimwambia tu afanye kazi iishe.

Fundi aliing'oa programu yote ya kuingilia mtandaoni, akaweka nyingine mpya. Alipoitwa tena alikaa mbele ya kioo cha kompyuta muda mrefu, mikono mapajani.

"Dada, vidakuzi havioti kama magugu. Hii niliiacha haina kitu. Vikiwemo, kuna mtu kaingia huko."

"Mimi sijaigusa. Naapa."

"Basi njoo usome mwenyewe."

Alisogea. Siku zote hizo alikuwa akiyakimbia yale matangazo, hakuwahi kuyasoma. Sasa aliinama akasoma. La juu lilikuwa la wauguzi wanaokuja nyumbani kupunguza maumivu ya siku za mwisho. Chini yake kulikuwa na wakili wa kuandika wosia. Kisha mama mmoja mnene, ameshika usukani, anacheka: shule ya udereva, wanawake wa rika lolote. Gari la nyumba ile liliendeshwa na mtu mmoja tu, na hakuwa yeye.

Akasoma tena tangu juu, akitafuta hata mzizi mmoja, hata mganga tapeli mmoja. Hakukuwa na la kupona. Kwamba mume anajua, hilo lilimshtua. Lakini kwamba hakujitafutia hata dawa, hilo lilimuuma hasa.

"Nifute?" fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Acha. Nenda nyumbani, mdogo wangu."

Chumbani mume alikuwa macho, amegeukia dirishani.

"Shemeji amemaliza?"

"Amemaliza."

"Imepona?"

Msusi alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Umejua tangu lini?"

Mume alimtazama kama mtu anayepima kama naye adanganye. Akachoka.

"Tangu ulipoacha kunigombeza. Nilimwaga chai kwenye shuka mpya, ukaniambia pole."

"Na ukanyamaza."

"Ulikuwa unajitahidi sana. Nikaona nisikuharibie."

Hapo hasira ikampanda, hasira ya kweli, ya kwanza tangu siku ya korido. "Nimeyasoma, baba watoto. Wosia. Wauguzi. Hata mimi umenitafutia pa kujifunza gari. Dawa hukutafuta. Hata mara moja! Nani kakwambia ukubali upesi hivyo?"

"Kurasa za dawa ulishatafuta wewe," mume alisema. "Nilizikuta zote humo kwenye historia, kabla shemeji hajazifuta. Nilizisoma moja moja mpaka mwisho."

Msusi alisubiri amwambie kama kati ya hizo kuna moja aliyoiona ya maana. Mume alisogeza miguu ukutani, ili mkewe apate nafasi ya kukaa vizuri.