Kivuli cha Rangi

Mume wangu ni fundi wa kuandika mabango, na ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kumaliza kazi bila kuandika nambari yake ya simu pembeni. Hata mlango wa choo chetu alipoupaka rangi, aliiandika. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Ugonjwa wenyewe ulipoingia, ule wa dunia nzima, maduka yalifungwa na mabango yakakosa wateja. Nikajua unga umemwagika. Kumbe manispaa ilikuwa inamtafuta. Walimpa kibali na makopo ya rangi achore miduara njiani, kila mtu asimame kwenye wake akisubiri zamu dukani au zahanati. Basi Fundi akavimba kichwa. Akitoka asubuhi na brashi zake, hata askari wanampisha.

Mimi roho yangu ilikuwa kwa mama mkwe. Kifua chake kibovu tangu zamani, na daktari alitukataza kabisa kumtoa nje. Chumba chake kimeezekwa bati, na mwaka ule joto lilikuja bila adabu, kali kuliko yote tuliyowahi kuyaona. Kilichomponya ni mti ulio nje ya dirisha lake, wa mwisho katika mstari wa miti ya barabarani. Mchana kivuli chake kililala juu ya bati, na Mama akaweza kupumua. Bila mti ule tungemzika, sitii chumvi.

Asubuhi moja tukakuta kila mti umepigwa msalaba mwekundu. Barabara inapanuliwa. Miti itakatwa sasa, wakati hakuna anayeruhusiwa kutoka nje kuuliza.

Binti yetu tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujawahi kupumzika. Chuo kilipofungwa alirudi nyumbani na begi la nguo, na ndani ya simu kikundi kizima cha vijana wanaopigania hali ya hewa. Zamani waliandamana na ngoma na vinyago vikubwa vya karatasi. Sasa kila mmoja kajifungia kwao, wanatazamana kwenye kioo cha simu na kusikitika.

"Baba," akasema wakati tunakula, "mtu pekee mwenye ruhusa ya kuchora barabarani ni wewe."

"Nichore nini?"

"Vivuli vya miti. Mti ukiondoka, kivuli kinabaki chini. Kila anayepita anaona alichonyang'anywa."

Nikawaambia wameingiwa na wazimu wote wawili. "Kibali ni cha miduara! Mnataka tule nini?"

"Kivuli nacho ni mduara, mke wangu," Fundi akajibu akilamba kijiko. "Ila una matawi."

Wakaanza kesho yake. Kivuli kinatembea na jua, kwa hiyo Chiriku alitangulia na chaki akifuata ukingo wake mbiombio, maana akisimama kujikuna tu mstari umeshakuwa wa uongo. Baba yake akafuata na rangi ya kijivu iliyokolea. Nilichungulia dirishani nikiwa nimenuna, na nikiri kwamba kununa kulinishinda. Fundi aliacha hata yale matobo madogo ya mwanga katikati ya majani. Miaka yote nimemwona akiandika "Kinyozi" na "Viti vya Kukodi", sikuwahi kujua mkono wake una upole ule.

Alipofika kwenye mti wa dirisha la Mama, akafunga kopo.

"Huu siuchori," akasema. Kuuchora kungekuwa kuuaga.

Wakataji wa manispaa wakaja wakakata, wakabakiza mti wa Mama peke yake. Barabara ikabaki nyeupe, jua linachoma kama pasi. Hapo ndipo nilipoona mambo. Watu waliopanga foleni ya zahanati walitoka kwenye miduara yao, wakaenda kusimama kwenye vivuli vya rangi. Mama mmoja aliweka kikapu chake chini, akajifuta jasho, akatazama juu. Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akabaki anatazama palepale. Chiriku alipiga picha, na kabla ya jua kuzama picha ilikuwa imezunguka mji mzima.

Ofisa wa manispaa hakuhangaika kumtafuta mhalifu. Kwenye kila kivuli, pale shina linapoanzia, palikuwa na maandishi mazuri ya kupambwa: "Kazi safi, bei poa", na nambari ya simu.

"Wewe una akili timamu?" nilimwuliza Fundi.

"Mkono ulijiandikia wenyewe," akasema kwa unyonge.

Ofisa alimpa vidonge vyake kwenye simu. Kesho asubuhi avifute vivuli vyote kwa mkono wake, ama arudishe kibali. Na kesho hiyohiyo lori linakuja kumalizia mti wa mwisho.

Usiku ule hata Chiriku alilala mapema. Asubuhi Fundi alikoroga rangi ya saruji ya kufunikia vivuli, akiwa ameinamisha kichwa. Kuta zetu ni nyembamba, na Mama alikuwa amesikia yote.

"Mkwe wangu," akaniita. "Nitolee kiti nje."

"Mama, daktari kakataza."

"Daktari halali humu ndani. Nitolee kiti, uniweke pale kwenye kivuli cha mti uliokuwa jirani na wangu. Nataka nimwone huyo mwanangu akipaka rangi juu ya mama yake."

Nilibisha, nikalia, nikamwita mwanawe aje amkataze. Fundi alisimama mlangoni, kopo mkononi, kisha akatupisha. Mwishowe nikamfunga Mama barakoa mbili, tukambeba mimi na Chiriku, tukamkalisha kwenye kivuli kile katikati ya barabara. Alikuwa mwepesi, na kifua chake kilipiga filimbi kila akivuta pumzi. Mwavuli aliukataa.

Lori likafika. Dereva akapiga honi, akangoja, akapiga tena. Kisha akatoa kichwa dirishani.

"Bibi, toka hapo! Jua litakuua."

"Jua lipi, mwanangu?" Mama akamjibu, jasho linamchuruzika shingoni. "Mimi niko kivulini. Hukioni?"

Dereva akatazama chini, kwenye matawi ya rangi yaliyofika hadi chini ya magurudumu yake. Fundi akaweka kopo chini, akavua kofia, akaenda kusimama kwenye tawi moja. Chiriku akashika la mbali, kama sheria ya ugonjwa inavyotaka. Watu wa foleni walikuwa wamegeuka wanatutazama.

Niliogopa. Niliogopa kazi ya mume wangu, niliogopa askari, niliogopa zaidi filimbi ile kifuani mwa Mama. Nikavuta barakoa yangu hadi puani, nikachagua tawi langu, nikasimama.

Dereva akazima injini.