Mikono Iliyokunjwa Kliniki

Jua liwake, mvua inyeshe, fundi cherehani alivaa nguo za mikono mirefu. Tangu usichana vinundu laini vilimjaa mikononi na mgongoni, na mtaani kila mtu alijifanya daktari: huyu kasema amelogwa, yule kasema ataambukiza. Mishono yake waliipenda, ila wengine walipokea nguo kwa ncha za vidole.

Bintiye wa miaka saba, waliyemwita Kasuku kwa kutofunga mdomo, alizaliwa na madoa ya kahawia. Hospitali waliwaeleza kuwa wote wawili wana neurofibromatosisi, hali ya kurithi, haiambukizi. Mtoto apimwe macho kila mwaka.

Siku ya kupimwa, kwenye benchi la kliniki, walimkuta mama kijana amempakata kichanga. Mtoto amelala fofofo, mama ndiye anayelia.

Kasuku akachungulia. "Mama, ana madoa kama yangu!"

"Wewe! Adabu!"

"Mwache," yule mama akasema, akijifuta machozi. "Wameniambia leo. Hata jina lenyewe linanishinda kulitamka."

"Mimi lilinichukua miezi," fundi akajibu.

"Atakuwaje akikua, dada?"

Fundi akafungua vifungo, akakunja mikono ya blauzi mpaka juu ya viwiko, korido nzima ikiona.

"Huenda hivi. Huenda madoa tu. Hakuna ajuaye, ndiyo maana tunakuja kupimwa. Lakini mimi nina kazi, nina mtoto, nina mume."

"Una mume?"

"Tena anakoroma!"

Mama kijana akaangua kicheko, kamasi zikamtoka. Fundi naye akacheka mpaka muuguzi akatoka kuuliza kulikoni. Alipoelezwa, akasema, "Wapo wazazi wengine. Mbona hamkutani?"

Jumamosi familia nne, zilizounganishwa na muuguzi, zilijibana kwenye chumba cha ushonaji cha fundi. Baba mmoja alileta barua ya mwalimu: mwanawe mzito kusoma.

"Si mvivu huyo," fundi akamwambia. "Hali hii huwapa wengine shida ya masomo. Wangu hesabu zilimpiga chenga mpaka alipokalishwa mbele na kuongezewa muda. Jumatatu twende wote kwa mwalimu."

Baba yule alishusha pumzi kama aliyetua gunia.

Watoto walikuwa chini ya meza ya kukatia, wanagombania vitambaa. Mama kijana alikuwa wa mwisho kuondoka.

"Jumamosi ijayo nije saa ngapi, dada?"

"Wahi. Viti ni vitano tu."