Uvimbe Ulipoyeyuka

Mume wangu Adolf hapendi ugomvi. Kule bandarini Kibirizi anakotengeneza injini za boti wanamsifia kwa hilo mpaka leo, na mimi nilimpenda kwa hilo hilo. Sikujua mtu asiyependa ugomvi anaweza kufanya nini ili nyumba ikae kimya.

Binti yetu Wema alikuwa na miaka mitano taya lake la kushoto lilipoanza kuvimba. Tukadhani ni jino. Jino liling'olewa, uvimbe ukazidi, na meno ya jirani nayo yakalegea. Hospitali wakakata kipande cha nyama, kikapimwa, jibu likarudi: saratani inayoanzia kwenye chembe nyeupe za damu.

Daktari Oswald alinieleza taratibu. Kuna kirusi ambacho karibu kila mmoja wetu anacho tangu utotoni. Hupita kwenye mate, hujificha ndani ya chembe hizo na kulala humo maisha yote bila kumdhuru mtu. Lakini kwa watoto wachache, hasa walioandamwa na malaria kama Wema, kinga huchoka kukidhibiti, na chembe zenye kirusi huanza kuzaana ovyo. Nilimuuliza mwanangu alikipata kwa nani. Akasema kwa yeyote: kwangu, kwa wenzake waliochangia kijiko, kwa bibi aliyemtafunia chakula, na kwamba hilo si kosa la mtu. Kisha akaniambia neno lililonikaa kichwani.

"Dawa ya dripu itayeyusha uvimbe mapema sana. Msidanganyike. Mkikatisha, utarudi, na ukirudi ni mkaidi."

Sasa, mama mkwe wangu, Mama Honorata wa Bangwe, ndiye aliyemtafunia Wema samaki wa migebuka tangu alipoanza kula, akitoa miiba kwa ulimi, kama alivyowatafunia wanawe wote. Jioni ile nilimsimulia Adolf kila kitu, nikamwomba jambo moja tu: habari ya mate isimfikie mama yake. Mimi ni mwalimu wa kuhamishwa, mzaliwa wa Bukoba, lakini miaka niliyokaa huku mtaani Katubuka imenitosha kujua. Ukimwambia bibi kwamba mate yake yamemuuguza mjukuu, hasikii kirusi, anasikia anaitwa mchawi. Adolf aliapa.

Baada ya dripu ya pili taya lilikuwa limelala kabisa. Wema alirudi kutafuna muhogo na kunicheka nilipomlilia kwa furaha. Hapo ndipo nikapangiwa kwenda Tabora wiki tatu kusahihisha mitihani ya darasa la saba. Nilitaka kukataa, Adolf akasema niende, dripu zilizobaki atampeleka mwenyewe. Kila jioni alinipigia simu. Mtoto yuko shwari, amelala, dripu ameshapata. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kinanitakia usiku mwema.

Niliporudi, Wema hakuwepo. Adolf aliangalia sakafu, akasema mama yake amempeleka kijijini Mwamgongo kwa ndugu, kushukuru. Nikambana mpaka akasema yote. Habari ya mate ilimtoka, mama yake akalia na kukataa kula, majirani wakaanza kunong'ona, naye akaona mtoto apelekwe ukoo umwone amepona, jina la bibi lisafike. Nikamuuliza kuhusu dripu. Akasema, "Si uvimbe ulikuwa umekwisha?"

Alfajiri nilipanda boti, na njia nzima nilikuwa nikimnolea mama mkwe maneno. Nilikuwa na mengi, na machafu. Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba ya dada yake, Wema amelala mapajani pake. Taya lilikuwa limejaa upya na jicho moja limesukumwa nje. Kabla sijafungua mdomo, Mama Honorata akaanza yeye.

"Mwana wanje, mwanangu, nilikuwa namrudisha leo. Adolf aliniambia daktari amesema mtoto amemaliza dawa. Mimi nisingemtoa mtoto kwenye dawa, hata mkiniita mchawi."

Maneno yangu yote yakakosa mtu wa kuyapokea. Niliketi chini kando yake, tukalia wote wawili, mtoto akatutazama kwa jicho lake zima.

Daktari Oswald hakunigombeza, ingawa ningependa mtu agombezwe. Alisema dawa ile ya kwanza huenda isitoshe tena, ila Mwanza zipo kali zaidi, twende haraka. Aliniambia pia kuna watafiti wanaojaribu kukiamsha makusudi kirusi kilicholala, ili chembe kilimojificha zijitokeze na dawa izipate, lakini tiba hiyo bado haijatufikia. Nilimsikiliza kwa wivu. Laiti mimi nami ningeijua mapema hila ya kukiamsha kilicholala nyumbani mwangu.

Mama Honorata ndiye aliyesema anasafiri nami. Adolf alitubebea begi mpaka stendi, akalipandisha mwenyewe, akambusu mtoto upande usio na uvimbe. Halafu akasimama mlangoni mwa basi, akaniuliza kwa sauti ndogo kama Wema atapona.

"Alikuwa anapona," nikamjibu, nikaenda kukaa.