Kihenge Hakina Mwenyewe

1.

TANGAZO LA KAMATI YA TOLEO, MFUMO WA NYUMBU

Kifurushi: Kihenge 9 (programu ya kanzidata)
Mfungashaji: Nakijwa Mrutu
Hali: KIBOVU
Kasoro: Kihenge 9 hakisomi mafaili yaliyoandikwa na Kihenge 8. Mtumiaji anayeboresha hawezi tena kufikia data zake.
Hatua: Kisiporekebishwa kabla ya toleo kufungwa Ijumaa jioni, kitaondolewa kwenye toleo.

Kamati inawashukuru wote kwa ushirikiano wao.

2.

Ushirikiano! Ushirikiano gani?

Ngoja nikueleze wewe unayesoma, maana hao wengine hawasikii. Kuna watu wanaandika programu. Kuna watu wanaitumia. Katikati nipo mimi, mfungashaji. Naichukua ikiwa mbichi, naijaribu, naifunga vizuri, ili wewe ubonyeze mara moja iingie kwenye kompyuta yako na isivunje kitu. Nyumbu ni mfumo wa kompyuta wa bure, kwa hiyo na mimi ni wa bure. Silipwi. Natukanwa tu.

Dawa ya hiyo kasoro ninayo. Nimeiandika mwenyewe, imekaa hapa kwenye laptopu, inahamisha mafaili ya zamani bila kupoteza hata herufi. Siwezi kuipakia. Kupakia kunataka ufunguo wako wa siri, ambao ndio sahihi yako, na wangu umekufa.

Muulize aliyeuua.

3.

MALALAMIKO YA WATUMIAJI
(yameachwa kama yalivyoandikwa)

— Wewe mfungashaji ni mzima kweli?

— Nimeboresha jana. Data za shule nzima zimefungwa. Mungu anakuona.

— Kazi ikikushinda sema, wapo wenye akili zao.

— Mimi ni Tumsifu, mtunza kumbukumbu, zahanati ya huku milimani Upare. Kadi za kliniki hazifunguki. Kuna mama hapa, mimba iliyopita tulimchoma sindano karibu imuue. Ni dawa gani, imeandikwa humo ndani. Nesi aliyemchoma alishahama. Sikutukani. Nauliza tu, nimwambie nini?

4.

[Fungu hili limeondolewa na msimamizi kwa lugha isiyofaa. Nakijwa, tafadhali.]

5.

Haya. Kwa lugha inayofaa.

Laptopu yangu ya kwanza iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Ufunguo ukaenda nayo. Nakala ilikuwa kwenye flashi, na flashi ilibaki kwenye nyumba niliyoondoka, juu ya kabati, ndani ya kopo la tangawizi.

Nikamwandikia Ndesario Mosha. Alikuwa mume wangu. Naye ni msimamizi wa Nyumbu, ndiko tulikojuana, ukitaka kucheka cheka. Nikamwambia, nitumie flashi yangu.

Akajibu:

"Ile? Niliifuta. Nimeiwekea nyimbo za kwaya."

Kwaya!

6.
(Anasema Ndesario.)

Sikujua kilichomo, haki ya Mungu. Mtu kaondoka na hata vijiko, ningejuaje kwamba kaacha kitu cha maana kwenye kopo? Nilimwambia anitumie hiyo dawa niipakie mimi, kwa ufunguo wangu, watu wapone. Alinijibu neno moja.

7.

Hapana.

8.

Ndiyo, kiburi. Andikeni kiburi. Miaka yote ya ndoa nilifungasha mimi, mikutanoni akasimama yeye. "Kihenge cha Ndesario." Watu walimpongeza mbele yangu, naye akasema asante. Asante! Mimi nimekaa pembeni nimeshika pochi.

Niko tayari kugombana na nchi nzima, lakini hiki hakipiti tena mikononi mwake.

9.

KANUNI YA UTAMBULISHO

Ufunguo mpya hautakubaliwa mpaka usainiwe na msimamizi aliyemwona mwenye ufunguo ana kwa ana, akakagua kitambulisho chake cha serikali, na kuridhika kwamba jina lililo kwenye ufunguo ndilo lililo kwenye kitambulisho. Kufahamiana hakutoshi.

10.

Wasimamizi wa Nyumbu katika nchi hii:

Ndesario.

(Mwisho wa orodha.)

11.

Ijumaa mchana, mgahawa karibu na stendi, Moshi. Nimemkuta ameshaagiza supu.

"Na mama nimletee nini?" mhudumu akauliza.

"Sili na huyu."

"Mletee chapati," Ndesario akasema. "Akiwa na njaa anauma."

"Nilikuuma lini?"

Mhudumu akaondoka haraka.

Nikafungua laptopu. Ufunguo mpya huo hapo: Nakijwa Mrutu, jina la baba yangu.

"Saini."

Akafuta mikono. "Kitambulisho."

"Ndesario."

"Ni kanuni."

"Umelala na mimi miaka tisa, leo unataka kitambulisho?"

Meza ya jirani ikageuka kututazama.

"Kufahamiana hakutoshi," akasema. Na kifungu hicho nilikitetea mimi, kwa sauti, siku kilipopigiwa kura.

Nikaitupa kadi mezani. Akaisoma. Akaisoma tena. Kisha akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikanielekea mimi.

NAKIJWA MOSHA

12.

Nilisahau kwamba kadi bado ina jina lake. Unanielewa? Nimebadilisha nyumba, kanisa, laini ya simu. Kadi hiyo naitoa benki, naitoa kwa wakala, sijawahi kuisoma. Nani anasoma kadi yake mwenyewe?

13.

"Jina haliendani," akasema. Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililoniudhi. Angekenua meno ningemmwagia supu. "Siwezi, Nakijwa. Nikisaini uongo wanaufuta na wangu. Kubadilisha kadi ni miezi. Toleo linafungwa leo."

"Kwa hiyo?"

"Nipe nipakie mimi. Au tengeneza ufunguo mwingine hapa hapa, kwa jina la kwenye kadi. Huo nasaini."

"Mkono wako au jina lako."

"Sikupanga hivyo."

"Wewe hujawahi kupanga. Wewe unafuta tu."

Akaweka kijiko chini.

"Nililifungua lile kopo nikidhani umeacha barua," akasema. "Nikakuta flashi. Ndani yake herufi zisizosomeka, mwanzo mpaka mwisho. Nikakaa nazo wiki nzima. Halafu ndiyo nikaweka kwaya."

Nilikuwa na tusi tayari mdomoni. Ningetaka kukwambia kwamba nilimhurumia, lakini hapana, nilizidi kumchukia, kwa sababu sasa—

14.

UJUMBE MPYA

— Tumsifu tena, zahanati. Yule mama ameletwa. Uchungu umeanza. Mnasemaje?

15.

Chapati imefika. Imepoa.

Ndesario anatazama nje, barabarani, kwa makusudi, ili nisione anavyonisubiri. Meza ya jirani bado inatutazama. Na wewe unayesoma, usinitazame hivyo, ungefanya nini?

Laptopu haimjui mtu. Inauliza tu.

TENGENEZA UFUNGUO MPYA

Jina kamili: Nakijwa _