Bolti ya Nyuma ya Stata

Katika Suame yote, mtaa wetu wa mafundi wa magari, kuanzia kwa wachomeleaji hadi kwa wauza injini kuukuu, hakuna bolti iliyowahi kunishinda. Nyingine zikisikia sauti yangu tu hulegea zenyewe. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Maame Pomaa, muuza ugali wa kenkey wa Tafo, asubuhi ya Jumamosi gari lake lilipofika likisukumwa na vijana, stata imekufa. Mama wa watu akavuta benchi, akakaa, akasema vizuri, atanitazama.

Siku hiyo sikuwa na ruhusa ya kushindwa. Fundi Asumadu, aliyenifundisha kazi, alikubali kuniweka huru Jumapili. Kwetu Kumasi mwanafunzi wa ufundi haondoki kimyakimya. Fundi wake humwagia poda kichwani mbele ya mafundi na ndugu, watu wanakula na kunywa, na kuanzia hapo ana haki ya kufungua karakana yake. Mama yangu alikuwa ameshaazima masufuria ya mtaa mzima, na mbuzi alikuwa nyuma ya nyumba akijiuliza maswali. Lakini Fundi, kabla ya kwenda mazishini, aliniachia mtihani: nibadilishe stata ya gari lile bila mkono wa mtu mwingine wa karakana yetu kuligusa. Akirudi akalikuta linawaka, poda ipo. Lisipowaka, nikamwambie mama arudishe masufuria.

Stata ile ilishikwa na bolti mbili. Ya chini ilitoka kwa adabu. Ya juu ilijificha nyuma, kati ya injini na ukuta wa gari, mahali ambapo hata panya angeingia kwa kinyumenyume. Unaigusa kwa ncha za vidole, huioni. Nikachukua spana iliyokuwa karibu. Ilikuwa inacheza kidogo, maana spana zetu zinatoka kila nchi na vipimo vyake havisalimiani, lakini Maame alikuwa ananitazama, na mimi nikitazamwa sirudi kutafuta spana nyingine. Nikavuta. Ikateleza, ngozi ya vidole ikabaki kwenye chuma. Nikavuta tena, safari hii kwa hasira. Nilipopapasa, kichwa cha bolti kilikuwa kimeliwa pembe zote, laini kama peremende iliyomumunywa.

Maame akauliza kama imelegea. Nikamwambia inafikiria.

Nikamwaga mafuta, nikasubiri, nikajaribu koleo. Koleo halikupata pa kufungukia. Mchomeleaji angeweza kubandika nati juu ya kile kichwa, lakini mpira wa petroli ulipita papo hapo, na sikutaka Maame arudi Tafo kwa njia ya angani. Na bolti ikikatika ndani, itabidi injini yote ishuke. Hiyo si kazi ya siku moja.

Dawa niliijua. Unachukua soketi ndogo kwa saizi moja, unaigongelea kwenye kile kichwa mpaka ikiume, halafu unazungusha. Ningeunganisha vyuma virefu kutoka chini, vipite juu ya giaboksi, nigonge mwisho wake kwa nyundo. Tatizo, mtu lazima aishike soketi kule juu isiteleze, na mkono wangu uliishia kwenye kifundo. Nililala chini ya gari nikijaribu peke yangu hadi jua likapanda juu kabisa. Soketi ikadondoka usoni mwangu, nikaiokota, ikadondoka tena. Nikamfikiria mama akirudisha masufuria nyumba kwa nyumba. Pale chini nikajifuta uso kwa mkono wa shati, tuseme nilikuwa napumzika.

"Yaw, umeioa hiyo bolti?"

Alikuwa Frema, mwanafunzi wa fundi wa umeme jirani yetu, msichana pekee katika safu yetu ya karakana. Mimi ndiye niliyempa jina la Dada Balbu, na safu nzima ikalipenda. Mikono yake ni myembamba kama nyaya zake. Nikaitazama ile mikono kutoka chini, nikameza majivuno pamoja na kutu, nikamweleza.

Alisikiliza, akavua saa. Akasema atafanya, lakini Fundi akirudi nimwambie kwa mdomo wangu kwamba yeye ndiye aliyeshika. Watu wa safu ile humletea balbu tu, alisema, wakiwa na kazi ngumu humruka wakamwita fundi wake. Nikaapa.

"Na ukinigonga vidole," akasema, "taa zako zote nitazifunga zimulike nyuma."

Mkono wake ukaingia hadi begani. Shavu lake likalala juu ya injini, macho kafumba, akawa ananiongoza kwa sauti: kushoto, kidogo, hapo, usipumue. Nikagonga. Akasema tena. Nikagonga kwa nguvu, yeye hakutoa mkono. Kisha akasema imeshika, haitikisiki hata kidogo. Nikaweka mpini, nikaning'iniza uzito wangu wote.

Kak.

Bolti inayolegea na bolti inayokatika hulia sauti moja. Nikavuta tena polepole. Ikakaza, nzito, inabisha, lakini inazunguka. Ingekuwa imekatika ingezunguka bure. Frema akaanza kucheka kabla yangu, na mkono bado uko ndani.

Fundi Asumadu alirudi jioni na shuka lake jeusi la msiba begani, ananukia mazishi. Frema alikuwa ameitwa kwenye karakana yao kwa kazi nyingine. Nikawasha gari kwa stata mpya, mara moja tu, likanguruma. Fundi akainama, akaiokota ile bolti, akaitazama kichwa kilivyoliwa, akaniuliza nimeitoaje.

Sasa, nilikuwa na nia ya kumtaja Frema. Naapa. Lakini mafundi wa safu walikuwa wamekusanyika, na mdomo wangu ukaanza safari bila mimi. Nikaeleza nilivyopinda mkono huu hapa, nilivyoishika soketi kwa vidole viwili, nilivyogonga kwa mguu. Wakanipigia makofi. Nikaongeza kwamba kule ndani kulikuwa na moto lakini sikujali.

Maame Pomaa akainuka kwenye benchi, akajinyoosha kiuno.

"Fundi, mimi nimekaa hapa tangu asubuhi. Mkono nilioona ukitoka humo ulikuwa na rangi ya kucha."

Wote wakaangalia kucha zangu. Fundi hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema Frema si mtu wa karakana yetu, kwa hiyo mtihani nilikuwa nimeupita tangu mchana. Ningesema tu. Akamtuma mtu akamwite. Kesho, alisema, kabla ya poda, nitasimama mbele ya mama yangu na mafundi wote na kueleza bolti ilivyotoka, huku Frema akiwa kando yangu akinisahihisha, na atakayemwita Dada Balbu baada ya hapo asitie mguu tena karakanani kwetu.

Nikasema nitaeleza yote.

"Yote kweli," Maame akasema. "Na ulivyolia chini ya gari."

Nikamwambia lile lilikuwa jasho.

"Jasho gani linapengwa, mwanangu?"