Hakujibu

Jaji alikuwa amekaa chini ya goli la mpira wa kikapu, joho jeusi juu, mabuti ya theluji chini, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nikiwa nimeshakula kiapo. Ndege iliyomleta ilichelewa siku mbili kwa sababu ya dhoruba, na rubani alikwisha sema kwamba saa tisa anaondoka, kesi ziwe zimeisha au la. Nusu ya kijiji chetu cha Nuvualuk, kaskazini kabisa kwenye barafu, ilikuwa imejazana ukumbini mwa shule, chai mkononi. Juanasi alikaa kwenye kiti cha mshtakiwa, kofia gotini, akinitazama kama mtoto anayemsubiri mama yake amalize mazungumzo na wakubwa.

Na kweli nilikuwa mama yake. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, yeye sabini na kitu, lakini jina langu, Arnaituk, ni la mama yake mzazi, aliyefariki miezi mitatu kabla sijazaliwa. Kwetu jina likirudi, mwenye jina amerudi. Tangu nikiwa mchanga aliniletea kipande cha kwanza cha kila mnyama aliyemuua na kuniita Mama, nami nilimwita mwanangu kabla sijajua kutembea vizuri. Nilipovaa sare ya polisi, wa kwanza kutoka kijiji chetu, alinizunguka mara mbili akiikagua fulana ya kuzuia risasi.

"Mama, mbona umenenepa ghafla? Huko chuoni walikuwa wanakulisha nini?"

Shtaka lake lilikuwa la kutishia watu kwa kisu. Kisa chenyewe ukikisikia leo utacheka, ila wakati ule hakuna aliyecheka. Kila Alhamisi mzee mmoja huenda shuleni kuwafundisha watoto kazi za kwetu, na siku hiyo zamu ilikuwa ya Juanasi. Akaburuta sili, mnyama wa baharini tunayemla, akiwa ameganda, mpaka darasani, akatandika maboksi sakafuni, akachomoa kisu na kuanza kukinoa. Mwalimu Solange alikuwa amefika Jumatatu kutoka kusini, na katika mengi aliyoelezwa, la Alhamisi lilisahauliwa. Aliona mtu asiyemjua, ana kisu, hasemi neno. Akawaamuru watoto waingie chini ya meza na wanyamaze, kwa hiyo hata wale ambao wangemwelewesha walinyamaza.

"Wewe ni hatari?" akauliza. Akauliza tena. Juanasi hakujua lugha ya kusini zaidi ya maneno machache ya dukani, lakini neno hatari alilijua, maana limeandikwa kwenye kila pipa la mafuta kijijini. Mwalimu akabonyeza kengele. Kituo chetu kinapakana na shule, hivyo nilifika mlangoni akiwa anauliza mara ya tatu, na niliona kwa macho yangu Juanasi akikunja pua.

Kwetu mtu akikunja pua amesema hapana. Akiinua nyusi amesema ndiyo. Mdomo tunauachia mambo marefu. Mtoto wa mwaka mmoja anayajua hayo, na mimi niliyajua vizuri sana.

Ofisini, Sajini Doyon, naye mtu wa kusini, alikaa kando yangu wakati naandika ripoti yangu ya kwanza ya kesi kubwa.

"Alisema chochote?"

"Hapana, afande, hakusema."

"Basi andika hakujibu."

Nikaandika hakujibu. Nilikuwa na wiki tano tu kazini, na nilitaka sana sajini aone kwamba naandika kama tulivyofundishwa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Juu ya kujikwaa kalamu hawakutuachia neno.

Siku ileile nilitumwa kuchukua bunduki yake, kwa kuwa mshtakiwa wa namna hiyo haruhusiwi kukaa na silaha mpaka kesi iishe. Njiani nilijikaza kisabuni, nikitegemea ugomvi. Mkewe alinitazama kama mtu aliyeleta ugonjwa nyumbani. Lakini Juanasi aliifuta bunduki, akaiviringisha kwenye blanketi na kunikabidhi.

"Mama ameomba," akamwambia mkewe. "Wewe ulitaka nifanyeje?"

Kwa wiki tisa hakuwinda. Nyumba sita zilikuwa zikila kutokana na mkono wake, tatu kati yake za wajane, na wiki hizo zote zilikula vyakula vya makopo. Tulikutana dukani karibu kila siku. Hakuniuliza hata mara moja niliandika nini, na laiti angeniuliza, pengine ningelala usingizi.

Sasa mwendesha mashtaka, kijana mpole mwenye mafua, alikuwa anaomba Juanasi apigwe marufuku kushika bunduki kwa miaka mitano. Mwindaji wa miaka sabini ukimnyang'anya bunduki miaka mitano, umemzika akiwa hai. Alishika ripoti yangu kwa vidole viwili.

"Konstebo, hapa imeandikwa kwamba mshtakiwa aliulizwa mara tatu kama ni hatari, na hakujibu. Maneno haya uliyaandika wewe?"

Nikamtazama.

"Konstebo, uliyaandika wewe?"

Nikaendelea kumtazama. Jaji akavua miwani.

"Shahidi, umekula kiapo. Ukiulizwa swali, unalijibu."

"Nimejibu, mheshimiwa," nikasema. "Mara mbili."

Mabenchi yakaangua kicheko. Bibi mmoja nyuma alimwaga chai. Ndipo nilipojigundua: nyusi zangu zilikuwa bado ziko juu, karibu kugusa nywele. Kama nisingesema pale pale, nisingesema kamwe.

"Kwetu ukiinua nyusi ni ndiyo, mheshimiwa. Ukikunja pua ni hapana. Juanasi aliulizwa kama ni hatari, akakunja pua. Alijibu. Mimi nilimwona, nikaandika kwamba hakujibu. Ripoti hiyo si ya kweli, na aliyeiandika vibaya ni mimi."

Kicheko kilikatika. Sajini Doyon alikuwa anatazama sakafu. Jaji alimgeukia Mwalimu Solange na kumwuliza kama alimwona mshtakiwa akikunja pua. Mwalimu alisimama taratibu, uso umemwiva.

"Mara zote tatu," akasema. "Nilidhani ananichukia." Kisha, kwa sauti ya chini, "Wanafunzi wangu hunifanyia hivyo kila siku. Nilifikiri wote wananichukia."

Juanasi, mkalimani alipomaliza kumnong'oneza, alimkunjia mwalimu pua, kwa upole, kama anavyofanyiwa mtoto mchanga. Mwalimu akacheka huku machozi yanamtoka. Mwendesha mashtaka akapenga kamasi na kuliondoa shtaka mwenyewe. Ilikuwa saa nane na nusu, na rubani alikuwa ameshawasha injini.

Nje, sajini alinivuta pembeni.

"Ungeniambia siku ile."

"Ndiyo, afande."

Akatembea hatua kadhaa. "Nisingekuelewa," akasema. "Lakini ungeniambia." Barua ya onyo aliyoniandikia ninayo mpaka leo, na sijawahi kuiona kuwa ya uonevu.

Kesho yake asubuhi Juanasi alikuja kituoni kuchukua bunduki yake. Aliifungua, akachungulia mtutu, akanusa mafuta niliyokuwa nikiipaka kila Jumamosi bila kumwambia mtu. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe."

"Mama hachapwi," akajibu bila kuinua kichwa. "Mama anasubiriwa tu. Ila safari hii umechelewa, njaa imetumaliza!"

Nilicheka, kisha nikalia, na yeye akaendelea kukagua bunduki mpaka nikamaliza. Alipofika mlangoni akageuka.

"Naondoka sasa hivi kwenda ukingoni mwa barafu, upande wa visiwa viwili. Saa kumi na mbili jioni nitakuita kwenye redio ya upepo. Nisipokuita, uje unitafute."

Hakuna mwindaji aliyewahi kuliachia jengo lile habari za safari yake. Sare kama yangu ndiyo iliyokuja zamani kuchukua watoto kuwapeleka shule za mbali, na tangu hapo polisi hawakuambiwa mtu yuko wapi, hata akiwa amepotea. Habari hizo waliambiwa ndugu. Nikafungua kitabu cha zamu. Hakikuwa na safu ya jambo kama hilo, basi nikaandika pembeni: jina lake, njia yake, saa yake.

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita, nikapanda vyeo viwili, na Juanasi tulishamzika. Yote niliyoweza kuwafanyia watu wangu yalianzia kwenye ule mstari wa pembeni, na mwenye kuniandikisha ni yeye. Namshukuru.

Jioni ile, saa kumi na mbili kasorobo, redio ilikoroma. "Mama, nimefika. Sili wawili. Njoo ule."

Kabla wiki haijaisha, wawindaji tisa walipita kituoni, mmoja mmoja, wakajifanya wameingia kuota moto kidogo, wakasimama karibu na kitabu changu na kunitajia wanakokwenda.