Kofia Iliyorudi Bila Kukombolewa

Mwinyimvua aliingia shule ya kati ya Bagamoyo akiwa na mkeka, ndoo, na kuku jike.

Kosa halikuwa lake. Kule kwao Zinga, mtoto anayepelekwa chuoni kusoma Kurani haendi mikono mitupu. Mwalimu hupelekewa kitu, naye humwombea dua afunguke akili. Bibi yake, Mwanabaraka, alipiga hesabu zake: ikiwa mwalimu wa chuo cha Zinga, mwenye wanafunzi kumi na wawili na mbuzi mmoja, anapewa kuku, basi hedimasta mwenye kengele na bendera atapewa kuku mnene zaidi.

Hedimasta alimtazama kuku. Kuku naye akamtazama hedimasta.

"Na huyu amefaulu mtihani wa darasa la nne?"

Mstari mzima ukaangua kicheko, na kuku, ambaye hakuzoea hadhara, akachafua kiatu cha hedimasta. Kufika adhuhuri hapakuwa tena na Mwinyimvua bin Mosi. Palikuwa na Bwana Kuku.

Aliyeshikilia jina hilo asiliache lipoe ni Rajabu, kiranja wa bweni, kijana wa nyumba za mawe za mjini, ambaye kaptula yake ilipigwa pasi hata ingeweza kusimama mstarini bila yeye ndani. "Bwana Kuku, umeamkaje? Leo umetaga mangapi?" Kule Zinga Mwinyimvua alikuwa na ulimi wa kuwanyamazisha wachuuzi. Hapa uliganda kama uji wa jana. Alikuwa na miaka kumi na minne, na hakuwahi kulala mahali asiposikia kikohozi cha bibi yake.

Kikohozi hicho ndicho alichokiacha nyuma kwa shida. Mama yake alifariki akimzaa, baba akaenda Tanga kutafuta kazi, akaipata na asirudi. Mwanabaraka ndiye aliyemlea. Asubuhi ya safari alimvika kofia aliyoidarizi kwa mkono wake, akaivuta mpaka masikioni, kisha akamshika mabega.

"Nenda kasome, mume wangu. Lakini nisikilize. Siku yangu ikifika, usiniache nipokewe na mikono ya watu. Wewe ushuke kaburini, wewe unipokee, wewe unilaze mwanandani. Mjomba wako Abdala ana haraka yule. Atanitupa kama gunia la muhogo."

"Bibi, hufi wewe."

"Nakufa kama wanavyokufa wenzangu. Sema utashuka."

"Nitashuka."

"Haya. Mchukue kuku."

Siku ya nne ya shule Mwinyimvua alikuwa amejificha nyuma ya jiko, analia taratibu ili asiharibu kola, mara kijana mmoja mrefu mwenye magoti kama mafenesi akapita, akamvua kofia kichwani, akaivaa yeye.

"Kabila gani wewe?"

"Mzaramo."

"Alhamdulillahi! Mwaka mzima niko hapa sina mtumwa. Mimi Kulwa, Mnyamwezi, baba yangu anakata mkonge kule Kerege. Kofia hii sasa yangu."

Mtu mwingine angeita wizi. Lakini Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, na mtani ana ruhusa zake. Atakutukana, atakunyang'anya, na huwezi kukasirika. Msibani ndiye anayeleta habari, ndiye anayewachekesha wafiwa huku machozi yanawatoka, na kaburi likishachimbwa anaweza kulala humo akagoma kutoka mpaka apewe chake. Wazee huangalia tu. Ni haki yake.

Mwinyimvua akasikia ulimi wake unayeyuka. "Lete kofia yangu, mpagazi! Kichwa hicho kimezoea pembe za ndovu, kitajuaje kofia?"

"Ikomboe."

"Kwa kitu gani?"

"Ngoja nifikiri. Kwa bibi yako. Nasikia Wazaramo hawajui kulima ila kupika wanajua."

Hapo ndipo Bwana Kuku alipocheka kwa mara ya kwanza shuleni, na kicheko kikamtoka na kamasi.

Kofia haikurudi. Kulwa aliifungia sandukuni mwake, na kila wiki bei ya kuikomboa ilibadilika: mara jogoo, mara mke, mara Zinga nzima pamoja na kisima chake. Mwinyimvua hakuihimiza. Kofia ikiwa kwa Kulwa, kila siku kuna la kugombania, na penye la kugombania hakuna upweke.

Mchezo wa kuzikana aliuanzisha Mwinyimvua mwenyewe. Asubuhi moja alimkuta Kulwa kisimani, akakunja uso: "Pole, mtani. Baba yako amefariki. Amekatwa na mkonge, alidhani ni mua." Kulwa akatua ndoo, akalia kilio cha kike mpaka mpishi akatoka nje. Kesho yake ikawa zamu yake: "Pole sana. Bibi yako ametutoka. Ameacha sufuria la kisamvu, nimelirithi mimi." Sheria ilikuwa moja: anayecheka kwanza ameshindwa. Kwa hiyo uso ulikazwa, sauti ikashushwa, na aliyejua kujiliza alijiliza.

Watu walidhani ni upuuzi wa watoto. Mwinyimvua hakumwambia mtu kwa nini aliupenda. Kila mara Kulwa alipomzika Mwanabaraka kwa maneno, naye Mwanabaraka yuko Zinga anapepeta mchele, ilikuwa kana kwamba ameongezewa siku.

Sikukuu ya Idi alimchukua Kulwa kwenda naye nyumbani. Bibi alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa, lakini alipoambiwa huyu ni Mnyamwezi alifufuka.

"Kumbe ndiye unayeniua kila siku? Njoo hapa, mbeba mizigo! Umenizika mara ngapi?"

"Shikamoo bibi. Mara kumi na nne."

"Marahaba. Na mara zote hizo hukuniletea hata sanda!"

"Sanda ya nini? Mwili wenyewe umebaki huu, leso moja inatosha."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akatema kwenye kopo, akafuta mdomo, akacheka tena. Kabla hawajaondoka alimwambia Kulwa mbele ya watu wote, "Siku nikifa kweli, mtani wangu, usiwaache wanizike upesiupesi."

"Nitalala humo mimi kwanza, bibi. Wakinitoa wamenitoa."

Waliporudi shuleni, mwalimu wa darasa alichoka na vilio vya uongo. Siku Mwinyimvua alipomzika mjomba wa Kulwa katikati ya somo la hesabu, wote wawili walilala mezani wakapata viboko sita sita. "Na atakayemuua mtu tena katika shule hii," alisema mwalimu akifuta jasho, "atalala mezani mpaka marehemu afufuke."

Ikaja Jumanne moja. Kulwa alikuwa zamu ya jiko, akatumwa Dunda, mtaa wa mjini, kununua nazi. Huko akakutana na Sharifu, muuza nazi wa Zinga, amekuja kwa baiskeli, na juu ya baiskeli hakuna nazi hata moja. Pana jora la bafta nyeupe na karatasi ya kafuri.

"Nashukuru Mungu nimekuona wewe," alisema Sharifu. "Mwanabaraka amekata roho alfajiri. Anazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Mwambie mwenzako. Mtoto wa watu haambiwi msiba na muuza nazi ilhali mtani wake yupo." Akapanda baiskeli, maana sanda ilikuwa inasubiriwa.

Alifanya kama desturi inavyotaka. Yeye atajuaje habari za kuzikana kisimani?

Kulwa alikimbia. Aliwakuta wenzake wametoka mapumziko ya saa nne, wamemzunguka Rajabu aliyekuwa akisimulia jambo. Akasimama mbele ya Mwinyimvua, kifua kinapanda na kushuka.

"Mwinyimvua. Bibi yako amefariki."

Mwinyimvua alikaza uso. "Poleni. Safari hii ameacha sufuria gani?"

"Sikutanii. Nimekutana na Sharifu. Amenunua sanda."

"Sharifu! Leo umefanya kazi, mtani, umeleta na shahidi." Wavulana walianza kucheka. Rajabu akapiga makofi.

"Wallahi, Mwinyimvua. Adhuhuri wanamzika. Twende."

Machozi yalikuwa yanamtoka Kulwa, ya kweli, yanashuka mpaka kidevuni. Mwinyimvua aliyatazama kwa kustaajabu kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. Hakuna hata siku moja Kulwa aliyofika umbali ule.

"Umeshinda," alisema, akacheka. "Nimecheka mimi kwanza. Umeshinda, Mnyamwezi."

Kengele ikagongwa. Kulwa akamkimbilia mwalimu mlangoni. Mwalimu hakumngoja amalize: "Umeua tena? Ingia darasani kabla sijaleta fimbo."

Kulwa hakuingia. Kupitia dirishani Mwinyimvua alimwona anakwenda bwenini, anapenya dirisha lake, kisha anatokea upande wa pili, anaikata njia ya Zinga kwa miguu mirefu bila kugeuka. Akajisemea, huyu leo ameamua kuumaliza mchezo. Akaandika tarehe kwenye daftari. Alasiri atamlipa.

Bweni lilifunguliwa saa tisa, baada ya chakula, kama kawaida. Rajabu alizungusha ufunguo, akachungulia ndani, akasogea pembeni, akasema, "Bwana Kuku, kitandani kwako kuna yai."

Juu ya mkeka wake palikuwa na kofia.

Haikukombolewa kwa jogoo wala kwa mke. Imekunjuliwa, imepanguswa vumbi, imewekwa katikati ya mkeka kwa mikono miwili. Mtani hutania kwa kila kitu, lakini alichokunyang'anya hakurudishii bure. Akikurudishia bure, basi utani umesimama, na utani husimama kwa jambo moja tu: mtani anapoleta habari ya kifo cha kweli.

Mwinyimvua aliishika kofia. Rajabu, aliyekuwa amefungua kinywa aseme neno la pili, alikifunga. Baadaye aliwaambia watu kwamba hakuwahi kuona uso unaozeeka vile, mbele ya macho yake, mchana kweupe.

Mwinyimvua hakuomba ruhusa kwa mtu. Kutoka Bagamoyo mpaka Zinga ni maili nane, na maili zote nane alizikimbia, kofia mkononi, akihesabu. Adhuhuri ilipita zamani. Lakini labda mvua ilichelewesha wachimbaji. Hapakuwa na mvua. Labda sanda haikutosha. Labda mjomba Abdala, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuwa na haraka. Miguu ilipochoka alitembea, alipotembea akasikia ile sauti yake mwenyewe inacheka mbele ya watu, akakimbia tena.

Alipoingia njia ya makaburini, watu walikuwa wanarudi.

Walikuwa wanarudi wakati ule ule, udongo ungali mbichi vidoleni mwao. Mjomba Abdala alikuwa mbele, majembe mawili begani. Alimwona mpwa wake, akasimama, na majembe yakateleza yakaanguka.

"Tumetoka kumfukia sasa hivi," alisema. "Sasa hivi, mwanangu. Huyu mtani wako ametuadhibu. Kaburi liko tayari tangu saa saba, akaruka ndani akalala. Tukampa kuku, hataki. Tukampa doti ya kanga, hataki. Wazee wakamsihi, akasema ana ahadi na marehemu, hatoki mpaka mjukuu aje. Maiti imeswaliwa iko kwenye jeneza, jua linawaka, yeye amelala humo kafumba macho! Ilipoadhiniwa alasiri hatukuwa na la kufanya. Watu wanne tumeshuka, tumemtoa kwa nguvu." Akafuta uso kwa kanzu. "Nilijua ni utani. Nilidhani ni utani tu."

"Nani amempokea?"

"Mimi." Abdala alitazama chini. "Nimemshusha taratibu. Wallahi nimemshusha taratibu."

Mwinyimvua alipita katikati yao. Walimpisha, wengine wakimgusa bega.

Kulwa alikuwa amekaa peke yake kando ya kaburi, udongo mwekundu umemjaa mgongo mzima, nywele na masikio, kana kwamba ni yeye aliyezikwa. Shati lilikuwa limechanika walipomvuta. Hakuinua kichwa.

Mwinyimvua alichuchumaa. Aliweka kiganja juu ya tuta la udongo uliokuwa bado una ubaridi wa chini, akakiacha hapo. Alitafuta la kusema, na kwa mazoea ya mwaka mzima lililokuja kinywani lilikuwa mzaha, kuhusu kisamvu. Alilimeza. Lilishuka kama mwiba wa samaki.

"Nilicheka," alisema.

Kulwa alifungua mkono wake. Ndani yake palikuwa na kipande cha mzizi, kifupi, kimekatwa kwa meno, kina udongo.

"Ulikuwa umejitokeza ndani ya mwanandani, upande wa kichwa," alisema. "Wachimbaji hawakuuona. Nilipolala ukanichoma begani. Muda wote ule nilikuwa nautafuna mpaka ukakatika. Baada ya hapo palikuwa sawa. Nimepima mimi mwenyewe. Hapachomi."

Mwinyimvua aliuchukua ule mzizi, akauweka ndani ya kofia, akaikunja kofia juu yake.

Kesho yake walirudi shuleni kwa miguu. Mwalimu alikuwa amekwisha pata habari; fimbo ilikuwa ukutani na ilibaki ukutani. Asubuhi iliyofuata walikutana kisimani, kila mmoja na ndoo yake. Rajabu alikuwapo, akamwita Mwinyimvua kwa jina lake kamili, pamoja na la baba yake.

"Umeamkaje, mtani?" Kulwa aliuliza.

"Salama," alijibu Mwinyimvua.

Wakateka maji.